Mbwa mdogo anachechemea goti: umtibu, umpumzishe au uachane naye?

Leo tunaacha kuku na nguruwe kidogo, tumwangalie anayewalinda.

Mbwa mdogo hapigani na fisi. Kazi yake ni kusikia na kubweka mapema, wewe na mbwa wakubwa mtoke. Kwa hiyo akianza kuchechemea, usikimbilie kusema "huyu hana kazi tena." Masikio na mdomo bado vipo. Swali ni moja tu: anaweza kuishi bila maumivu makali? Twende hatua kwa hatua.

1. Hakikisha ni goti kweli

Anza na unyayo. Angalia mwiba, kucha iliyovunjika, kidonda, au kupe katikati ya vidole. Kama kupo safi, mwangalie anavyotembea:

- Anakwenda vizuri, ghafla anakunja mguu wa nyuma, anaruka hatua mbili tatu, kisha anakanyaga kama kawaida. Hapo pia ya goti inateleza kutoka kwenye mfereji wake na kurudi. Hali hii ni ya kawaida kwa mbwa wadogo, na mara nyingi ni ya kurithi.
- Alikuwa anakimbia au karuka, mara hakanyagi kabisa, au anagusa chini kwa ncha za vidole tu. Huenda kano ya ndani ya goti imekatika.
- Amegongwa na bodaboda, au mguu umepinda. Huyo ni wa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Tahadhari: mbwa anayelegea miguu ya nyuma, anatoka mate, taya limelegea au tabia imebadilika, usimshike wala kuingiza mkono mdomoni. Inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Toa taarifa kwa mtaalamu wa mifugo haraka.

2. Jua kiwango cha tatizo

Madaktari hupima pia ya goti inayoteleza kwa viwango 4. Cha 1, haitoki mpaka isukumwe kwa mkono, ikiachiwa inarudi. Cha 2, inatoka yenyewe mara moja moja. Cha 3, muda mwingi iko nje, ila ikisukumwa inarudi kwa muda. Cha 4, iko nje na hairudi. Viwango vya 1 na 2 bila maumivu, wengi huishi navyo kwa uangalizi. Cha 3 na 4 kupumzika peke yake hakutoshi. Hapo ndipo upasuaji unazungumzwa.

3. Mpe wiki 6 za kupumzika kweli

Kwa mguu usiovunjika, hata kano iliyokatika, mbwa mdogo anaweza kupata nafuu kubwa akitulizwa wiki 6 hadi 8. Mweke kwenye kibanda kidogo kikavu. Mtoe kwa kamba dakika chache ajisaidie, basi. Asiruke ukuta wala kufukuza pikipiki.

Punguza na chakula. Mbwa wa kilo 8 akifika kilo 10, goti linabeba robo ya uzito zaidi. Pitisha vidole ubavuni: mbavu uzihisi bila kukandamiza. Usipozihisi, punguza ugali.

4. Dawa za binadamu, hapana

Diclofenac na ibuprofen zinatoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Paracetamol nayo inaweza kuharibu ini. Usikadirie kwa macho kwamba "nusu kidonge kitamtosha." Dawa za maumivu za mbwa zipo, na daktari huzipima kwa kilo.

5. Sasa amua

Baada ya wiki 6 jiulize: Anakula na kulala vizuri? Anakanyaga mguu? Anabweka usiku?

Majibu yakiwa ndiyo, endelea naye, uzito chini, kazi ya kubweka tu. Kama bado anaumia, muulize daktari kuhusu eksirei na upasuaji. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kina hospitali ya wanyama. Piga simu kwanza, uliza gharama, jumlisha nauli na muda wa kumuuguza, ndipo uamue.

Kama fedha haipo na maumivu hayaishi, daktari amlaze kwa sindano. Kumtupa porini au kumwekea sumu ni ukatili, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama.

La mwisho: mbwa mwenye pia ya goti inayoteleza asizalishwe, dume au jike. Hata dume la nguruwe lenye kasoro ya miguu hulichagui kwa mbegu. Kanuni ni ileile.

Leo jioni mtembeze mbwa wako hatua 20 huku ukimwangalia kutoka nyuma. Ukiona kitu, anza na unyayo.