Tindikali ya Betri na Usalama wa Nyumbani

Katika gereji na vibanda vya kuchaji betri vya Vingunguti, jina "maji ya betri" hutumika kwa vitu viwili: maji safi ya kuongezea betri, na tindikali yenyewe, yaani asidi ya salfuriki. Vyote havina rangi wala harufu ya kumshtua mtu. Tindikali ikitiwa katika chupa ya maji ya kunywa na kuachwa nyumbani, mtoto hana namna ya kuitambua.

Tindikali isiyochanganywa ni nzito kama mafuta. Lita moja ina kilo 1.84. Iliyomo katika betri ya gari imechanganywa na maji, nayo hufikia takribani kilo 1.28 kwa lita betri ikijaa chaji. Ndiyo sababu fundi huipima kwa haidromita. Tone likiangukia suruali, maji hukauka na tindikali hubaki ikizidi kuwa kali, hata tundu likatokea siku ya pili, mwenyewe amekwisha kusahau. Ngozi na macho hayasubiri hivyo.

Manufaa yake ni makubwa. Duniani hutumika zaidi kutengenezea mbolea. Na salfa ishushwayo Bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo hugeuzwa huko kuwa tindikali ya kutolea shaba kwenye mawe.

Anayechanganya hutia tindikali ndani ya maji, kidogo kidogo, kamwe si maji ndani ya tindikali, kwani joto linalozuka huchemsha maji papo hapo na kuyarusha usoni. Betri inayochajiwa nayo hutoa haidrojeni, hewa inayolipuka kwa cheche ya sigara.

Aliyemwagikiwa avuliwe nguo zilizolowa na aoshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 20, macho yakiwa wazi, kisha apelekwe kituo cha afya. Dawa ya meno na mafuta havifai. Aliyekunywa asitapishwe. Iliyomwagika sakafuni inyunyiziwe chokaa au magadi hadi povu likome.

Linalotia wasiwasi zaidi ni desturi ya kumwaga tindikali mtaroni kabla ya betri kuuzwa kama chuma chakavu. Tindikali hiyo imebeba risasi, na risasi haiozi wala haiondoki kwa kuchemsha. Mitaro ya kata huelekea Mto Msimbazi, ambao bondeni mwake hulimwa mchicha unaoliwa mjini. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, hata kwa kiasi kidogo, pasipo dalili za mapema.

Kwa mujibu wa Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, wafanyabiashara wa kemikali husajiliwa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Betri chakavu iuzwe ikiwa nzima, imesimamishwa wima, kwa mnunuzi mwenye kibali. Anayeona betri zikipasuliwa karibu na makazi amjulishe Afisa Afya wa Kata au ofisi ya Serikali ya Mtaa.