Tiketi ya Trafiki Houston: Kabla Hujalipa, Jua Kesi Yako Iko Mahakama Gani

Kaunti ya Harris, jimbo la Texas, ndiyo yenye jiji la Houston, na humo wanaishi watu wengi wa Kiswahili: familia zilizotoka Kivu, Kongo, zikapitia kambi za wakimbizi Tanzania, Burundi na Uganda, pamoja na Wakenya, Watanzania na Warundi waliokuja kusoma na kufanya kazi. Houston bila gari hufiki kazini, na anayeendesha kila siku ipo siku atasimamishwa. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa mara kwa mara. Majibu ni ya Texas tu. Aliyeko Ohio au Kentucky ana sheria zake.

Kwetu Tanzania naingiza namba ya gari, deni la trafiki linatokea, napewa kontro namba, nalipa. Hapa nimetafuta kwa namba ya gari sioni kitu. Tiketi yangu iko wapi?

Hapa tiketi ya mwendokasi humfuata dereva, haifuati gari, na hakuna ofisi moja inayokusanya tiketi zote za jimbo. Tiketi yako ni kesi. Kisheria ni kosa dogo la jinai la daraja C, ambalo adhabu yake ni faini bila kifungo, na kesi hiyo imefunguliwa katika mahakama moja tu. Mahakama ni ipi? Angalia kwanza nani alikusimamisha.

Kama ni polisi wa jiji la Houston, kesi iko Mahakama ya Manispaa ya Houston. Miji midogo iliyomo ndani ya kaunti, kama Pasadena na Bellaire, ina mahakama zake za manispaa. Lakini kama ni konstebo, naibu wa sherifu wa Harris au askari wa jimbo wa DPS (idara ya usalama wa umma ya Texas), kesi imekwenda kwa Mlinzi wa Amani, ambaye hapa kila mtu humwita JP. Kaunti imegawanywa presinkti 8, na kila presinkti ina mahakama 2 za JP. Jumla ni 16.

Sasa ichukue karatasi yenyewe. Siku hizi mara nyingi hutoka kwenye mashine ndogo ya askari, ndefu na nyembamba kama risiti ya dukani, na wino wake hufifia ukiiacha juani kwenye dashibodi. Ipige picha siku hiyohiyo. Tafuta mambo matatu: namba ya tiketi, jina la mahakama, na tarehe ya mwisho ya kufika. Kwenye tiketi za JP utaona neno Precinct na namba, kisha Place na namba. Usipuuze hiyo ya pili. Presinkti 5 Place 1 na Presinkti 5 Place 2 ni majaji tofauti na makarani tofauti, na karani wa mmoja hawezi kuamua jambo la kesi iliyoko kwa mwenzake. Nimewaona watu wameomba ruhusa kazini nusu siku, wamepanga foleni, halafu wanaambiwa dirishani kwamba wamekosea mahakama.

Mahakama nimeijua, lakini nikiandika jina langu kwenye mfumo hakuna kesi.

Kwanza, tiketi huchukua siku kadhaa kuingizwa. Kutoonekana leo si msamaha. Rudi kutafuta tena, na tarehe ikikaribia piga simu kwa karani.

Pili, ni suala la majina, na hili linawaumiza Wakongo na Warundi kuliko wengine. Majina yenu matatu au manne hupangwa upya na kila ofisi: hapa jina la baba limekuwa la ukoo, pale jina la ubatizo limewekwa mwisho, kwingine majina mawili yameunganishwa. Askari huandika kama leseni inavyosema, au anavyosikia. Tafuta kwa namba ya tiketi kwanza, kisha namba ya leseni, na jina liwe la mwisho. Ukitafuta kwa jina, geuza mpangilio. Na kama uliandikishwa kambini ukapewa tarehe 1 Januari kuwa siku ya kuzaliwa, hiyo ndiyo tarehe mahakama inayoijua, hata kama mama yako anajua nyingine. Ndugu wenye jina moja na tarehe hiyohiyo wapo, kwa hiyo hakikisha kesi unayoilipia ni yako.

Angalia pia anwani. Umehama nyumba? Iandikie mahakama anwani mpya, na uijulishe DPS ndani ya siku 30 kama sheria inavyotaka. Barua ya kukuita ikienda kwenye nyumba ya zamani, mahakama huihesabu kuwa imetumwa.

Askari alinitaka nisaini. Je, nimekubali kosa?

Hapana. Umeahidi kufika mahakamani, basi. Ukikataa kusaini unampa sababu ya kukukamata pale barabarani. Ukisaini kisha usifike, unaweza kufunguliwa shtaka la pili la kuvunja ahadi hiyo, nalo lina faini yake. Na tafadhali, pesa yako ibaki mfukoni. Askari wa Texas hapokei faini barabarani, na noti utakayomnyooshea itaonekana ni hongo, kosa zito kuliko mwendokasi wowote.

Mimi sitaki usumbufu. Nikilipa kwa kadi leo kuna ubaya gani?

Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu ndipo watu wetu wengi hupoteza. Kulipa ni kuhukumiwa. Ukishalipa umekiri kosa, au umesema hupingi, na rekodi inakwenda kwenye leseni yako ambako kampuni ya bima itaisoma. Faini inalipwa mara moja, lakini bima ikipanda unailipia kila mwezi. Zamani palikuwa pia na tozo za kila mwaka za jimbo kwa baadhi ya makosa. Hizo zilifutwa tarehe 1 Septemba 2019, na anayekudai leo kwa jina hilo anakudanganya.

Kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye tiketi una njia nne. Ya kwanza ni kulipa. Ya pili ni darasa la udereva salama la saa 6, ambalo unaweza kulisoma nyumbani kwenye kompyuta. Unaliomba mahakamani kwa kusema unakiri au hupingi, unalipa gharama za mahakama, unapewa siku 90, unapeleka cheti pamoja na rekodi yako ya udereva kutoka DPS, ile inayoitwa aina ya 3A, na kesi inafutwa. Mwenye sifa ana haki nayo. Si hisani ya jaji. Sifa zenyewe: uwe na leseni ya Texas na bima, uwe hukuchukua darasa hilo katika miezi 12 iliyopita, mwendo usiwe umezidi kiwango kwa maili 25 au zaidi kwa saa wala kufikia maili 95, na kosa lisiwe la kulipita basi la shule lililosimama au la eneo la ujenzi lenye wafanyakazi. Ukiiacha tarehe ipite bila kuomba, haki hiyo huna tena.

Ya tatu ni kumwomba jaji aahirishe hukumu kwa muda usiozidi siku 180. Ukikaa bila kosa jipya na ukatimiza masharti, kesi inafutwa. Hii inategemea uamuzi wa jaji, lakini inafaa kwa mgeni ambaye bado hana leseni ya Texas na kwa hiyo darasa hapewi.

Ya nne ni kusema huna hatia. Utapangiwa tarehe, utazungumza na mwendesha mashtaka, na msipoelewana unaweza kusikilizwa na jaji au na jury, yaani baraza la raia 6. Ukishindwa kwa JP una siku 10 za kukata rufaa, na kesi inaanza upya katika mahakama ya kaunti. Kusema huna hatia si kumtukana mtu wala hakukuletei ubaya. Ni kuitaka serikali ithibitishe inachodai.

Mimi ni dereva wa lori mwenye CDL, leseni ya magari ya biashara.

Darasa na kuahirishiwa hukumu havikuhusu, hata kama ulikuwa kwenye gari lako dogo la nyumbani. Sheria ya shirikisho inakataza mahakama kuficha makosa ya wenye CDL. Kuzidisha maili 15 au zaidi kwa saa ukiwa kwenye lori ni kosa zito, na mawili ya aina hiyo ndani ya miaka 3 yanakusimamisha siku 60. Usilipe kabla ya kuzungumza na wakili. Gharama yake ni ndogo kuliko miezi miwili bila mshahara.

Bima nilikuwa nayo, karatasi sikuwa nayo. Na mke wangu leseni yake ilikuwa imekwisha muda.

Wewe peleka ushahidi kwamba bima ilikuwa hai siku ile, kesi itafutwa. Yeye aihuishe leseni ndani ya siku 20 za kazi au kabla ya tarehe yake ya kwanza ya kufika, aende nayo, na jaji anaweza kuifuta kesi kwa ada isiyozidi dola 20. Msilipe faini ya kosa ambalo karatasi inaweza kulifuta.

Sina pesa. Nilifikiri nisubiri mpaka nipate.

Kusubiri kimya ndiko kubaya. Nenda kabla ya tarehe, na umwambie jaji kwamba huna.

Haki hii ina historia, na sehemu yake ilitokea Houston hapahapa. Preston Tate alikuwa amehukumiwa kwa makosa tisa ya trafiki, faini zikafika dola 425, naye alikuwa maskini. Mahakama ikampeleka kwenye shamba la wafungwa la jiji afanye kazi kwa dola 5 kwa siku: siku 85. Mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Tate dhidi ya Short, ikasema huwezi kuigeuza faini kuwa kifungo kwa sababu tu mtu hana uwezo wa kulipa. Mwaka 2017 Texas iliongeza nguvu: jaji anapotoa hukumu lazima aulize kama una uwezo, na kama huna, anaweza kukupa muda, kukulipisha kidogokidogo, kukupa kazi za jamii au kusamehe sehemu au zote. Kazi za jamii huhesabiwa si chini ya dola 100 kwa kila saa 8, na sheria inaruhusu hata masomo ya kujiandaa kwa mtihani wa kumaliza sekondari yahesabiwe.

Peleka ushahidi: hati ya mshahara, barua ya stempu za chakula, mkataba wa nyumba. Ukipewa kulipa polepole, kuanzia siku ya 31 baada ya hukumu huongezwa dola 15.

Nilinyamaza. Sasa leseni imekataa kuhuishwa na naogopa kwenda, watanikamata.

Huenda mahakama ilikuripoti DPS. Kila kosa lina ada ya dola 10 ya kuondoa zuio hilo, mbali na faini, na ada hiyo inaweza kusamehewa. Deni likipitisha siku 60 na kupelekwa kwa wakusanyaji, linaweza kuongezwa asilimia 30.

Kuhusu kukamatwa: anayekwenda mwenyewe mahakamani kwa nia njema ya kumaliza jambo, kabla waranti ya kumkamata haijatekelezwa, sheria inamtaka jaji aifute waranti hiyo ya kutofika. Ukisubiri mpaka usimamishwe tena usiku na watoto kwenye gari, ulinzi huo umeupoteza. Usipoweza kwenda peke yako, nenda na wakili au mtu wa shirika linalohudumia wakimbizi.

Kiingereza changu ni kidogo. Niende na mwanangu anitafsirie?

Hapana, mama. Mtoto asibebeshwe kesi ya mzazi. Mwambie karani mapema, kwa maandishi, kwamba unahitaji mkalimani wa Kiswahili; ni kesi ya jinai, na ni wajibu wa mahakama. Kama chako ni Kiswahili cha Kongo, taja hivyo, maana mkalimani mara nyingi huwa kwenye simu, na aliyelelewa Mombasa au Dar es Salaam anaweza kukupoteza katikati ya sentensi. Kama lugha yako hasa ni Kinyarwanda au Kibembe, taja hiyo. Usipomwelewa mkalimani, mwambie jaji palepale, kabla hujajibu unakiri au hukiri.

Nimepata ujumbe kwenye simu: lipa tiketi leo au leseni inafungwa.

Usibonyeze. Mahakama haikutumii kiungo cha malipo kutoka namba ya kigeni, na idara ya magari ya Texas haitoi tiketi za trafiki kabisa. Chukua namba ya simu iliyoko kwenye karatasi yako ya tiketi, piga, uliza. Bili ya HCTRA, mamlaka ya barabara za kulipia ya Kaunti ya Harris, ni jambo lingine tena, nayo huulizwa HCTRA.

Naomba uraia mwaka huu. Tiketi itaniharibia?

Fomu N-400 inauliza kama umewahi kupewa tiketi, kwa hiyo andika ukweli. Maelekezo yake hayadai nyaraka za faini ya trafiki iliyo chini ya dola 500, kama hukukamatwa na hapakuwa na pombe wala dawa za kulevya. Hata hivyo, kesi ikiisha mwombe karani hati yenye muhuri inayoonyesha ilivyoisha, uitunze pamoja na risiti. Kama kuna waranti au kosa la kutofika, limalize kwanza, kisha umwone wakili wa uhamiaji kabla ya kutuma fomu.