Ada Imefutwa, Wajibu wa Mzazi Haukufutwa

Masomo ya kusoma nyumbani: Kumbukumbu la Torati 6:4–9, Luka 2:41–52, 2 Timotheo 1:3–7



Kila Januari twaona jambo lile lile katika vijiji vyetu, toka Kayanga hadi Murongo mpakani. Shule imefunguliwa, mwalimu amefika, na jina la mtoto limo katika orodha. Lakini mtoto mwenyewe yuko nyumbani. Ukiuliza utaambiwa hana sare, au hana madaftari, au asubiri kidogo baba apate fedha. Kusubiri kidogo huwa wiki tatu, na wiki tatu huwa muhula. Kwa hiyo katika somo hili tumeona yafaa tujiulize maswali mawili. Twampeleka mtoto shule ili apate nini? Na akiisha kwenda, mzazi amebakiwa na kazi gani?

1. Tulikotoka

Kanisa katika nchi za kando ya Ziwa Viktoria lilikua pamoja na kusoma. Wamisionari wa kwanza wa CMS walipofika Buganda mwaka 1877, watu waliowafuata waliitwa wasomaji. Na mpaka leo jirani zetu hao hutumia neno moja kwa kusoma kitabu na kwa kwenda kanisani. Wasomaji wale walijifunza herufi ili walisikie Neno wenyewe, wasisimuliwe tu na mtu mwingine.

Baadaye utawala wa kikoloni ulihitaji makarani, na shule ikaanza kuonekana kuwa mlango wa kulikimbia jembe. Mwalimu Nyerere aliupinga moyo huo mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule imwandae mtoto kuishi na wenzake na kuwafaa. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule nyingi za madhehebu mikononi mwa serikali. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka kila mtoto apate elimu ya msingi, na mwaka 1977 mpango huo ukaanza nchi nzima. Ada na michango vilirudi baadaye. Ada ya shule ya msingi ikafutwa tena mwaka 2001, ya sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2016, na ya kidato cha tano na cha sita mwaka 2022.

Twamshukuru Mungu kwa hayo. Lakini pamoja na shukrani umeingia usemi mmoja unaotuponza: “Siku hizi serikali inasomesha.” Maelekezo yaliyotolewa mwaka 2016 hayakusema hivyo. Sare, madaftari, chakula na matibabu ya mtoto vilibaki juu ya mzazi. Na yako mengine ambayo hakuna waraka unaoweza kuyaandika, nayo ndiyo makubwa.

2. Shule ni ya nini?

Luka anatuambia kwamba mtoto Yesu, baada ya kuwashangaza walimu hekaluni, alirudi Nazareti pamoja na wazazi wake, akawatii. Kisha anataja mambo manne aliyoendelea nayo: hekima, kimo, na kibali kwa Mungu na kwa watu. Hicho ni kipimo kizuri cha elimu. Mtoto akipata hekima ya kitabu lakini akawadharau watu wake, amesoma nusu.

Tutoe mfano wa shambani. Miaka ya 2000 mnyauko wa migomba uliingia mkoani kwetu, nasi twajua ulivyotuumiza. Ugonjwa huo huletwa na bakteria. Husambazwa na wadudu wanaotembelea maua ya mgomba, na pia na panga letu wenyewe tunapotoka mgomba mgonjwa kwenda mzima. Dawa ya kunyunyiza hatuna. Kinga yake ni kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda, kung'oa migomba iliyougua, na kulipitisha panga katika moto au kulisafisha kwa dawa kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Mtoto aliyefundishwa darasani vijidudu ni nini aelewa sababu ya kulipitisha panga motoni. Mzazi akimwuliza akamsikiliza, somo lile la sayansi limeokoa chakula cha nyumba. Asipomwuliza, limebaki katika daftari.

Ni vivyo hivyo na hesabu. Mtoto anayejua kujumlisha asimame na babaye penye mzani wa chama cha msingi, aandike kilo za kahawa na kuzidisha kwa bei. Hapo mtoto aona faida ya shule, na baba aona faida ya mtoto.

Je, anayesoma akaondoka amepotea? La. Wako waliokwenda Bukoba, Mwanza na Dar es Salaam wakainuka, wakawainua na ndugu zao. Lakini yatupasa tuache kumwambia kijana aliyekosa nafasi ya kuendelea kwamba “amefeli”, kana kwamba miaka yake yote darasani imetupwa mtoni. Kijana anayesoma maelekezo ya dawa, anayeandika barua ya kikundi, anayefundisha shule ya Jumapili, huyo elimu yake inafanya kazi kila siku. Tukimwita aliyefeli, sisi ndio tunaomfelisha.

3. Mama akiondoka

Mkoa wetu umejifunza kwa machozi maana ya mzazi. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi kutambuliwa nchini walikuwa hapa Kagera, mwaka 1983, na yaliyofuata hatuna haja ya kusimulia. Makaburi yako nyuma ya nyumba zetu.

Kati ya mwaka 1991 na 1994 wataalamu walizitembelea kaya zaidi ya 900 za mkoa huu, wakaandika habari za watoto. Mwaka 2004 wakarudi kuwatafuta watoto wale wale, sasa wakiwa watu wazima. Walikuta kwamba mtoto aliyefiwa na mama kabla ya kutimiza miaka 15 alikuwa amepungukiwa, kwa wastani, karibu mwaka mmoja wa masomo, na sentimita 2 hivi za kimo. Tulitafakari hilo. Majengo ya shule hayakuhama. Aliyeondoka ni yule aliyemwamsha mtoto alfajiri, akampa uji, akamwuliza jioni amefundishwa nini. Kumbe kazi hizo ndogo, ambazo hakuna anayezilipia, zilikuwa sehemu ya shule yenyewe.

Basi sisi ambao Mungu ametubakiza hai tujiulize: je, watoto wetu wanaishi kama yatima hali wazazi tupo?

Tena lipo la kututia moyo. Paulo alipoikumbuka imani ya Timotheo, alimtaja kwanza bibi yake Loisi, kisha mama yake Eunike. Bibi wengi wa Karagwe na Kyerwa wamekuwa Loisi kwa wajukuu waliofiwa. Bibi asiyejua herufi hata moja aweza kusema kila jioni, “Mjukuu wangu, nisomee ulichoandika leo.” Mtoto husoma, bibi husikiliza, na mtoto hujua kwamba kazi yake ina mtu anayeingoja. Kwa hiyo asiwepo mzazi wa kusema, “Mimi sikusoma, nitamsaidiaje?”

4. Mambo manne ya kutenda

(a) Fedha ya kahawa. Msimu wetu huanza Mei au Juni, na shule hufunguliwa Januari. Katikati hapo fedha huyeyuka. Vibaya zaidi ni butura, yaani kuiuza kahawa ikali mtini kwa bei ya kuonewa. Tusijitoe katika hili. Wengi wetu tumefanya, kwa shida na mara nyingine kwa pombe. Siku ya kulipwa, kabla ya jambo lingine lolote, tutenge fedha ya sare na madaftari, tuiweke katika kikundi cha kuweka na kukopa au mahali pengine salama. Anayeuza butura auza pia Januari ya mtoto wake.

(b) Saa moja ya jioni. Mtoto apewe taa, mahali pa kukaa, na saa moja isiyo na kutumwa. Kazi za nyumbani ni malezi mema, lakini zigawanywe sawa. Mara nyingi binti huchota maji na kupika mpaka usiku, na kaka yake amekaa na kitabu.

(c) Kufika shuleni. Tusingoje kuitwa kwa kosa. Twende tumwone mwalimu, tutazame madaftari, tuchangie mahindi na maharage ya uji na chakula cha mchana. Mtoto mwenye njaa hasikii somo.

(d) Binti aliyepata mimba. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana walioacha shule kwa sababu hiyo warudi. Mlango wa shule umefunguliwa. Mara nyingine mlango uliofungwa ni wa baba yake, na mara nyingine ni wa macho yetu kanisani. Tumpokee, tumlelee mtoto, naye arudi darasani.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Katika mtaa wetu, ni watoto wangapi walioandikishwa Januari ambao hawakufika? Nani atakwenda kuwaona wazazi wao?
2. Ni somo gani ambalo mtoto wako amekufundisha mwaka huu?
3. Wasimamizi wa ubatizo waliahidi kusaidia kumlea mtoto. Je, ahadi hiyo yafika mpaka daftari lake?
4. Tufanye nini ili kahawa ya mwaka ujao isiuzwe mtini?

Tuombe

Ee Mungu Baba yetu, uliyemkabidhi Mwanao kwa Mariamu na Yusufu alelewe Nazareti: uwape wazazi, na bibi, na walimu wetu moyo wa uvumilivu, uwakumbuke yatima, na utusaidie tusiwaachie wengine kazi uliyotupa sisi, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.