Kijiko cha Mafuta kwenye Uji wa Mtoto

Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayolisha Tanzania kwa mahindi. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa karibu nusu ya watoto wa mkoa huo walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Maradhi ya mara kwa mara, maji yasiyo salama na lishe duni ya mama mjamzito vyote huchangia. Huchangia pia uji wa unga na maji matupu.

Tumbo la mtoto ni dogo, na uji mwepesi hulijaza kabla mwili haujapata nguvu ya kutosha. Gramu 1 ya mafuta hutoa kalori 9, ilhali gramu 1 ya wanga au ya protini hutoa 4 tu. Kwa hiyo kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya alizeti huongeza kalori 40 hivi, na bakuli halijai zaidi. Katika maziwa ya mama pia, karibu nusu ya nguvu hutokana na mafuta.

Mafuta pia huusaidia mwili kufyonza vitamini A, D, E na K. Ndiyo maana mchicha au majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga humfaa mtoto kuliko yaliyochemshwa kwa maji na chumvi pekee.

Familia ya Sumbawanga, mkoani Rukwa, haihitaji kutafuta mbali. Alizeti na karanga hulimwa kwenye nyanda za Ufipa mkoani humo, na Ziwa Tanganyika lina dagaa na migebuka, samaki wenye mafuta ya omega-3 yanayojenga ubongo.

Karanga za mtoto mdogo zisagwe zisije zikampalia. Zilizoota ukungu zitupwe, kwani sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga.

Kwa watu wazima kipimo hubadilika. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yasizidi asilimia 30 ya nguvu yote ya chakula cha siku, na mafuta mgando, kama ya nyama nono na samli, yatoe chini ya asilimia 10. Mafuta yaliyokwisha kukaangia maandazi au chipsi mara nyingi yasirudishwe jikoni, na mapya yahifadhiwe kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jua.

Mtoto akitimiza miezi 6, aendelee kunyonya huku akianza uji mzito wenye karanga zilizosagwa au kijiko cha mafuta, na kila aendapo kliniki apimwe urefu pamoja na uzito.