Kabla hujapeleka hela ya ufuta kwenye nyavu, soma hii

Kila msimu wa ufuta ukiisha, kuna wanaotaka kuhamishia mtaji kwenye mitumbwi na nyavu kule Ziwa Rukwa. Sawa, samaki wana soko. Ila elewa kwamba eneo la maji lisilovuliwa nalo ni mtaji wako, kama mbegu unayoweka pembeni badala ya kuisaga.

Tuwaangalie wenzetu wa baharini. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza nchini, ikiwa na kilomita za mraba 822. Haijafungwa yote. Kuna kanda ambayo hakuna kuvua kabisa, na nyingine wakazi wanavua kwa zana zinazoruhusiwa. Samaki hajui mpaka: wakijaa ndani wanatoka nje, wanaingia kwenye nyavu za watu. Kule Kisiwa Panza, Pemba, wanakijiji wamekuwa wakifunga sehemu ya miamba kwa miezi michache, pweza wakue. Pweza hukua haraka, kwa hiyo faida inaonekana mapema. Ugumu uko siku ya kufungua. Msipokuwa na ulinzi na utaratibu, wageni wanakuja kuvuna walichosubiri wenyeji.

Sasa Rukwa si bahari na perege si pweza. Perege dume huchimba kiota kwenye maji mafupi, jike akitaga anabeba mayai mdomoni, hata vifaranga huwalinda humo humo. Ukimvua jike huyo umemaliza familia nzima. Na kokoro likiburuzwa chini linafuta viota vyote, ndiyo maana mimi silionei huruma hata kidogo. Kwetu basi pa kufunga kwanza ni kingo zenye matete na midomo ya mito.

Hapo mkulima naye anahusika. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Ukilima mpaka majini, udongo unaishia kwenye mazalia.

Upande wa hela: mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Miezi 3! Hebu fikiria mwenye mkopo wa injini na rejesho la kila mwezi. Usikope ukitegemea samaki peke yake. Panga marejesho yaangukie pia mavuno ya shamba. Mwenye ufuta ghalani anaweza kusubiri ziwa lipumzike, asiye nacho ndiye anaingia usiku kuiba.

Kabla ya kununua zana, nenda kwa BMU ya mwalo wako au kwa afisa uvuvi wa halmashauri hapa Mkwajuni. Uliza maeneo ya mazalia yako wapi, nyavu za macho gani zinaruhusiwa, na leseni inalipiwaje. Kama kijiji chenu hakijatenga mazalia, lipelekeni suala hilo mkutano mkuu wa kijiji, lijadiliwe hadi liwe sheria ndogo.