Neno "Yaani" na Kazi Zake

Msafiri atokaye Nairobi kwa barabara ya chini, akienda Naivasha au Narok, hufika Mai Mahiu, mji ulio chini ya mteremko wa Bonde la Ufa. Jina hilo ni la Kikikuyu. Mgeni akiuliza maana yake hujibiwa, "Mai Mahiu, yaani maji ya moto." Hapo neno "yaani" lafanya kazi yake ya asili, kwani latokana na Kiarabu, "ya'ni", na huko ni kitendo kamili: "ina maana" au "akusudia". Neno "maana" nalo latoka katika shina lilo hilo. Katika yote mawili Waarabu hutamka herufi ain, na kwa kuwa Kiswahili hakina sauti hiyo, mahali pake pamewekwa "a" ya pili, kama ilivyo katika "baada".

Si Waswahili peke yao waliolichukua. Waajemi na wasemao Kiurdu hulitumia. Waturuki huliandika "yani". Kiebrania cha siku hizi pia kinalo. Na aghalabu kokote lilikofika limepata kazi ya pili, ya kuupumzisha ulimi. Dereva wa lori akisimulia safari yake husema, "Yaani, mvua ile, yaani, haijapata kuonekana!" Wala hakuna wa kumlaumu, maana mshangao wake wasikika humo. Mwarabu akiulizwa hali huweza kujibu "ya'ni" tu, na mwenzake akafahamu kwamba si njema sana wala si mbaya.

Lakini karatasi ya mapatano haina sauti wala uso. Tuseme mtu amelipia ng'ombe watano pamoja na mbuzi wote wa jirani yake, kisha ikaandikwa, "Nimemwuzia mifugo yangu, yaani ng'ombe watano." Kwa maneno hayo mifugo iliyouzwa ni ng'ombe hao tu. Huenda mwandishi alikusudia kutaja ng'ombe kwa mfano, akalitia neno hilo kwa mazoea ya barazani. Mbele ya wazee au hakimu, mnunuzi atapata taabu kuwadai mbuzi wake. Palifaa kuandikwa "ng'ombe watano pamoja na mbuzi wote", na hesabu ya mbuzi itajwe. Karani mwangalifu, aonapo "yaani" katika hati ya namna hiyo, huinua kalamu na kuuliza kwanza, "Na mbuzi je?"