Malaba na Busia: kwa nini amri haitibu kaswende

Kampeni ya kwanza kubwa ya kaswende Uganda ilikwama wapi?

Ilikwama kwa kulaumu kabla ya kupima sawasawa. Mwaka 1907 Waingereza walimtuma Kanali F. J. Lambkin, daktari wa jeshi, kuchunguza kaswende Uganda. Mwaka uliofuata akaandika kwamba sehemu nyingine za Buganda watu 80 katika kila 100 wanaugua, na kwamba chanzo kimojawapo ni wanawake waliotoka chini ya mkono wa machifu. Watu wakakaguliwa sehemu za siri kwa lazima, jambo lililowadhalilisha wanawake na kuwachukiza wengi. Hospitali ya Mulago yenyewe ilianza mwaka 1913 kama kituo cha kutibu magonjwa ya zinaa. Baadaye Daktari J. N. P. Davies, aliyefundisha Makerere, alipitia upya ushahidi huo na kuona kwamba nyingi ya kesi zile huenda zilikuwa kaswende isiyo ya zinaa, ile watoto wanayoambukizana nyumbani. Wengine wametaja buba. Kipimo cha damu cha enzi hizo hakikuweza kuyatenganisha magonjwa haya. Kwa maneno mengine, watu waliaibishwa kwa tendo ambalo pengine halikuwa chanzo cha vidonda vyao.

Bila kulazimishwa, nani atajipeleka kliniki?

Wengi, dawa ikiwa karibu na siri ikitunzwa. Jirani zetu wa Mwanza, Tanzania, walilithibitisha hilo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1995, wahudumu wa zahanati za kawaida vijijini walifundishwa kutibu kisonono, kaswende na vidonda kwa kufuata dalili, siku hiyohiyo mgonjwa anapofika, na dawa zikahakikishwa zipo. Maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takriban asilimia 40 yakilinganishwa na vijiji visivyopata huduma hiyo. Hakuna aliyeburutwa.

Najua pingamizi lake: huko Rakai, Uganda, dawa ziligawiwa nyumba kwa nyumba, kila baada ya miezi kama kumi, na matokeo ya mwaka 1999 hayakuonyesha VVU kupungua. Pingamizi hilo ni zito, na silikwepi. Lakini Rakai ukimwi ulikuwa umeshaenea kwa miaka mingi, maambukizi mengi yakipita bila kusaidiwa na ugonjwa mwingine wa zinaa unaotibika. Tena dawa ya msimu haimfai anayeanza kuwashwa au kutokwa usaha wiki mbili baada ya wagawaji kuondoka. Ninachojifunza hapo ni kwamba mlango wa zahanati uwe wazi kila siku.

Kwa nini basi tusipime kila dereva mpakani mwa Uganda na Kenya?

Kwa sababu foleni yenyewe inaambukiza. Uchunguzi mdogo uliochapishwa mwaka 1989 uliwakuta na VVU zaidi ya theluthi moja ya madereva wa malori na matanboi waliopimwa Kampala, na tangu hapo dereva amekuwa mshukiwa wa kwanza wa kila mtu. Tazama anavyoishi Malaba: karatasi za forodha hazijatoka, lori halisogei, usiku unaingia, gesti iko hatua chache, na mama mwenye kodi ya chumba ya kulipa yuko hapohapo. Sharti la kupima korona lilipowekwa mwaka 2020, na tena Januari 2022, malori yalijipanga kilomita nyingi kutoka Malaba. Ukiongeza kipimo cha kaswende getini utaongeza usiku wa namna hiyo, ilhali aliyeambukizwa juzi ataonekana mzima kwenye kipimo. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia, kilichozinduliwa Februari 2018, kilijengwa kwa ajili ya biashara. Mimi nakihesabu pia kuwa hatua ya afya, kwa kila usiku kinaoufuta.

Kipi kingefanyika kwanza?

Kliniki ifunguliwe jioni karibu na maegesho, bila kuuliza uraia, maana mgonjwa wa Busia ya Uganda huenda mwenzi wake analala Busia ya Kenya. Anayetibiwa aondoke na dozi kamili, pamoja na kikaratasi cha mwenzi kinachopokelewa pande zote mbili bila maswali. Akikosa hayo ataishia duka la dawa, atanunua vidonge viwili vitatu kwa pesa aliyonayo, usaha utakatika, naye atasafiri hadi Eldoret akiwa bado anaambukiza.